Roboti au kisu cha kawaida kwa kansa ya tezi dume: nani anatoka karidhika?

Nna wazee wawili. Mmoja ni baba mdogo, katolewa tezi dume kwa roboti India, tumboni ana matundu sita madogo ambayo saivi ukitaka kuyaona lazima uvae miwani. Wa pili ni rafiki yake wa msikitini, huyu kapasuliwa hapahapa Dar kwa kisu cha kawaida, ana kovu limeanzia chini ya kitovu limeshuka mpaka mwisho, nene kama kamba ya kufungia mbuzi. Umri wao hawapishani sana na wote kansa ilikamatwa mapema. Sasa ukiniuliza nani anaridhika na alichofanyiwa ntakwambia ni yule wa kamba. Baba mdogo huu mwaka wa pili, ukimtajia ile safari anasonya.

Naandika hivi kwasababu simu hazikatiki, "mzee wetu kagundulika, tunachangishana tumpeleke kwenye roboti, wewe ulikuwa na baba yako mdogo, unaonaje". Mi sio daktari, mi ndo nilikuwa nabeba mafaili na kutafsiri mzee anachoambiwa, na baada ya hapo nikakaa nikasoma sana maana nilitaka kujua ilikuwaje mtu aliyelipiwa hela nyingi kiasi kile akarudi mnyonge na mwenzake akarudi anacheka.

Kwanza tutenganishe mambo. Tezi kuvimba kwa uzee tu, ile ya kuamka usiku mara nne na mkojo kutoka kwa kusuasua, siyo hii ninayoongelea, ile mara nyingi ni dawa au wanakwangua kupitia njia ya mkojo na tezi yenyewe inabaki. Hapa naongelea kansa ambayo bado haijatoka nje ya tezi, na upasuaji wa kuing'oa tezi yote pamoja na vifuko vya manii, alafu kibofu kinashushwa kinashonwa moja kwa moja na njia ya mkojo. Kazi hiyo ni ileile iwe kwa roboti iwe kwa kisu, kinachotolewa ni kilekile na kinachoshonwa ni kilekile. Wengi hili hawalijui, wanadhani roboti inatibu kwa namna nyingine kabisa, kuna mtu aliniuliza kama inachoma kansa kwa mwanga.

Na haifanyi kazi yenyewe jamani. Inayojulikana zaidi ni da Vinci, ya Wamarekani, iliruhusiwa kwao mwaka 2000, na kwenye tezi dume ilishika kasi baada ya Dk. Mani Menon na wenzake kule Henry Ford, Detroit, kuipangia utaratibu wake kuanzia 2001. Daktari anakaa pembeni ya chumba, kainamisha uso kwenye kitu kama darubini, vidole viko kwenye vishikio, miguu inakanyaga pedeli kama fundi cherehani, na mikono minne ya mashine ndo imeingia tumboni mwa mgonjwa, mmoja umebeba kamera. Anachoona kimekuzwa mara kumi hivi, na vile vifundo vya chuma vinajikunja kwenye kona ambazo kiganja cha mtu hakifiki. Akiachia, mashine inasimama. Kwahiyo ukisikia "roboti ilimharibu mzee fulani" ujue kuna mtu alikuwa anakanyaga pedeli.

Haya, tulinganishe.

Wiki mbili za kwanza roboti inashinda na hapa sina mjadala. Kuna utafiti mzuri ulifanyika Brisbane, Australia, ukatoka 2016, mzuri kwasababu wanaume 326 walipigiwa kura nani aende wapi, sio kila mtu kujichagulia, hivyo huwezi kusema wenye hela na afya ndo walienda kwenye roboti. Waliopasuliwa kawaida walipoteza damu kama mililita 1,338 kwa wastani, wa roboti 444 hivi. Kulala hospitali siku 3 na kidogo kwa siku moja na nusu. Hii nimeiona kwa macho, yule mzee wa Dar aliongezewa damu chupa mbili na sisi vijana tukaenda kupanga foleni ya kuchangia, baba mdogo yeye kesho yake asubuhi alikuwa anatembea koridoni kashika mfuko wake wa mkojo kama mtu kabeba kilo ya nyama. Roboti nayo ina vijimambo vyake, tumbo linajazwa gesi na gesi ile inakuja kuuma begani, sijui kwanini begani lakini ndivyo, alafu mgonjwa analazwa kichwa chini miguu juu masaa kadhaa kwahiyo anaamka uso umevimba, shangazi alipopigiwa video alilia akijua mzee kapigwa.

Mpira wa mkojo hauna roboti wala kisu. Wote wanakaa nao, wiki moja mpaka mbili.

Sasa mkojo wenyewe. Hapa ndo watu wanapodanganywa. Ukitoa mpira, karibu kila mtu anavuja mwanzoni, akikohoa, akiinuka kwenye kiti, akibeba ndoo, na inapungua taratibu kwa miezi, wengine mwaka. Waliofuatiliwa Brisbane, wiki ya 12 hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili, wakarudi kuwaangalia miezi 24 bado hakuna. Sweden nao waliwafuata wanaume zaidi ya 2,600 kwenye hospitali 14, baada ya mwaka waliokuwa bado wanavuja ni asilimia 21 kwa roboti na 20 kwa kisu. Marekani waliwauliza wazee waliopasuliwa walio kwenye Medicare, bima ya serikali kwa wazee, matokeo yakatoka 2012, asilimia 31 wakasema mkojo ni tatizo la wastani au kubwa kwao, na wa roboti hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Yaani nchi tatu, jibu moja.

Na ntakwambia kitu ambacho fomu za Wazungu haziulizi. Baba mdogo hajali pedi, pedi anavaa, ananunua za kike kwasababu za watu wazima anasema zinamfanya atembee kama bata. Kinachomuumiza ni udhu. Mtu kaswali safu ya mbele miaka arobaini, sasa kila akirukuu anahisi tone. Akaanza kuswali nyumbani, alafu akaacha kwenda hata Ijumaa. Yule rafiki yake ndo alikuja kumkalisha barazani akamwambia mbona mimi pia navuja, nilienda kwa shehe kabla hata sijapasuliwa, akanielekeza, asiyeweza kuzuia mkojo anajisitiri, anatawadha kila swala wakati wake ukiingia, anaswali na udhuru wake unakubalika. Kabla sijapasuliwa, sikia hilo neno. Wote wawili wanavuja, tena nadhani yule wa kisu anavuja zaidi, ila mmoja alijua anaenda wapi na mwingine aliambiwa na mratibu wa wagonjwa wa ile hospitali, kijana msafi na tai yake, kwamba "mzee atatoka kama hajaguswa". Nilikuwepo. Mi ndo niliyeitafsiri hiyo sentensi kwa Kiswahili, na bado inanikera.

Chumbani je? Mishipa ya fahamu inayosimamisha imepita kushoto na kulia ya tezi, imeng'ang'ania kama mtambaa juu ya ukuta. Mpaka miaka ya 80 mwanzoni walikuwa wanaikata tu kwasababu hawakujua vizuri ilipo, mpaka Dk. Patrick Walsh wa Johns Hopkins alipofanya upasuaji wa kuibakiza mwaka 1982. Kwa hiyo kubakiza mishipa hakukuletwa na roboti, kulianza na kisu. Na haibakizwi kwa kutaka, inategemea kansa iko wapi, ikiwa imeegemea upande mmoja daktari mwenye akili atautoa huo upande hata kama una mishipa. Roboti inamsaidia kuona, ndio, lakini tazama namba: wale wa Sweden, baada ya mwaka, asilimia 70 ya wa roboti na 75 ya wa kisu walikuwa na shida ya nguvu. Wale wazee wa Medicare, asilimia 88 walisema ni tatizo la wastani au kubwa. Themanini na nane! Kurudi kunaweza kuchukua hata miaka miwili, na vidonge vya aina ya sildenafil (Viagra) vinawasaidia baadhi. Manii hayatoki tena, kwa njia yoyote utakayopasuliwa, raha inaweza kuwepo lakini kavu, na mwenye mke mdogo anayetaka mtoto aongee habari ya kuhifadhi mbegu kabla sio baada. Wengine wanapungua urefu kidogo na wengine mkojo unaponyoka wakati wa tendo lenyewe. Haya mzee hatakuuliza wewe mtoto wake, kwahiyo mtafutie mwanaume wa rika lake aliyepitia, au daktari akae naye peke yake mlango umefungwa.

Kwenye kuridhika sasa, ndo nilipopata jibu la baba mdogo. Chuo cha Duke, North Carolina, walichapisha mwaka 2008 utafiti wa wanaume 400 waliowajibu baada ya kupasuliwa, wengine kisu wengine roboti. Kwa ujumla 84 kwa mia waliridhika na 19 kwa mia walijuta, na ndio, kuna wachache walioridhika na kujuta kwa pamoja, binadamu ndivyo alivyo. Kilichoshangaza ni kwamba wa roboti ndo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujuta, kama mara tatu hivi ya wa kisu, hata baada ya kuweka sawa tofauti zao nyingine. Wenyewe watafiti waliona sababu inaweza kuwa matarajio, mtu aliyekimbilia kitu kipya kinachosifiwa anategemea zaidi. Hapa hakukuwa na kura, watu walijichagulia, kwahiyo usiuchukue kama msahafu. Ila kuna mwingine mkubwa wa Marekani, wanaume 2,072 waliulizwa baada ya miaka mitano: waliojuta ni asilimia 16 ya waliopasuliwa, 11 ya waliopigwa mionzi na 7 ya waliokuwa wanafuatiliwa tu kwa vipimo bila kuguswa, na kilichoshikana sana na kujuta ni matibabu kuja tofauti na walivyotegemea.

Rafiki yake baba mdogo alitegemea mabaya. Daktari wake wa Dar, mtu mzima, mkali kidogo, alimwambia bila kupepesa, utavuja, na huko kwingine usahau mwaka mzima, kansa tutajitahidi. Kila kilichorudi kikawa zawadi. Siku aliyokohoa bila kulowa alimpigia simu mpaka baba mdogo, ambaye nadhani hakuipenda ile simu.

Kuhusu kansa yenyewe kutoka, hapo sitakaa sana, ukilinganisha madaktari wenye uzoefu sawa njia zote mbili zinafanana. Uzoefu ndo habari. Kuna hesabu maarufu ya 2007 ya upasuaji wa kisu, kwa daktari aliyekuwa kafanya 10 tu kabla yako, kansa ilirudi ndani ya miaka mitano kwa karibu wagonjwa 18 kati ya 100, kwa aliyekuwa kafanya 250 ikashuka kuwa karibu 11. Mashine gani itakupa pengo kama hilo? Na kule Brisbane, daktari wa kisu alikuwa na zaidi ya 1,500 mkononi, wa roboti mia mbili hivi, matokeo ya mkojo na chumbani yakatoka sawa. Kwahiyo ukishindwa swali lolote, usishindwe hili: wewe daktari mwenyewe, kwa mikono yako, umefanya mangapi, na mwaka jana mangapi. Sio hospitali imefanya mangapi. Sisi tuliambiwa hospitali imefanya maelfu, ni kweli, lakini maelfu ya nani.

Alafu kuna kitu cha kwetu ambacho Mmarekani hana. Umbali. Afrika Kusini wana roboti tangu 2013 pale Pretoria, Kigali kuna kituo cha IRCAD tangu 2023 kinafundisha upasuaji wa matundu, na Juni 2025 Dk. Vipul Patel akiwa Florida alimtoa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola, bahari nzima katikati, kwahiyo mambo yanakuja. Ila kwa sasa wengi wetu roboti maana yake ni ndege. Baba mdogo alirudi na mpira ndani kwasababu visa na hela ya gesti vilikuwa vinaisha, tukaambiwa "utatolewa huko kwenu siku ya 14". Siku ya 14 hospitali ya kwanza ikasema hatugusi mtu aliyeshonwa na wengine hatuna hata ripoti yake, ya pili nesi akasema njooni Jumatatu, ilikuwa Alhamisi. Wikiendi ile mzee alikaa kwenye beseni la plastiki bafuni akiogopa kulala asije akauvuta. Na ukija kupata kovu linaloziba pale kibofu kiliposhonwa, linatokea, miezi baadaye, nani atalifungua? Mwenzake daktari wake yuko umbali wa daladala mbili.

Hela sitataja namba zinabadilika kila siku, ila elewa kwanini roboti ni ghali popote: mashine yenyewe inavuka dola milioni moja, na vile vifaa vya mwisho wa mkono vina hesabu, vikishatumika mara zilizowekwa mashine inavikataa hata kama vinang'aa. Hiyo yote iko kwenye bili yako.

Na kabla hujauza kiwanja, uliza kama upasuaji wowote unahitajika. Uingereza waliwagawa kwa kura wanaume 1,643, kupasuliwa, mionzi, au kufuatiliwa tu, na baada ya miaka 15 waliokufa kwa hiyo kansa walikuwa kama 3 kwa mia au pungufu kwenye makundi yote matatu. Miezi sita baada ya kuanza, waliokuwa wanavaa pedi ni 46 kwa mia kwa waliopasuliwa, 5 kwa mionzi, 4 kwa wanaofuatiliwa. Utaniambia wale walipasuliwa kwa kisu, haya, kuna mwingine wa hukohuko uliotoka 2024 ambao karibu wote walipasuliwa kwa roboti, ukilinganisha na mionzi mikali ya mara tano tu: baada ya miaka miwili nusu ya waliopasuliwa walikuwa na pedi, wa mionzi 6 na nusu kwa mia. Ni mdogo lakini nusu ni nusu. Mionzi nayo inasumbua utumbo na haja kubwa, sio pipi. Na tuseme ukweli mwingine, wale 1,643 karibu wote ni Wazungu, sisi weusi kansa hii inatupata zaidi na mapema zaidi, kwahiyo kufuatilia tu bila kuguswa mi nisingemshauri mtu ambaye PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, atapima mwaka huu alafu apotee mpaka 2030. Lakini mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, ipo, kaonane nao pia, usimsikilize daktari mpasuaji peke yake, fundi nyundo kila kitu kwake msumari.

Mi ningechagua hivi. Kama uko Uingereza au Ulaya na roboti iko palepale hospitali yako na bima inalipa, chukua roboti, damu inapotea kidogo na kurudi nyumbani ni haraka, kwanini ujitese. Kama uko Dar au Nairobi na kuna daktari wa kisu mwenye mamia mkononi, na roboti ni ya kuuza shamba, nabaki na kisu bila aibu yoyote. Kama hela ipo kweli na mzee ana tatizo la damu, au hawezi kuongezewa damu kwa imani yake, hapo roboti ina maana hata kwa ndege, mradi ukae huko mpaka mpira utoke. Mnene sana wa tumbo naye, uliza, wengi kisu kinapata shida kufika chini kule. Ila kama sababu yenu ni kwamba roboti haivujishi mkojo na haigusi nguvu za kiume, hiyo sababu haipo, tafuteni nyingine.

Ukienda kumwona huyo daktari beba karatasi, mzee akiwa mbele yake kila kitu anajibu "sawa daktari". Umefanya mangapi wewe mwenyewe. Katika ishirini wako wa mwisho wangapi baada ya mwaka hawavai pedi kabisa, sio "wanavaa moja ya usalama", kabisa. Mishipa utabakiza yote, upande, au hakuna, na kwanini. PSA napima lini na inatakiwa isome ngapi. Mazoezi ya kubana misuli ya chini naanza leo au baada, maana kuna wanaosema ukianza kabla inasaidia. Na mpira utatolewa siku gani, wapi, na nani, jina na namba ya simu.